Pini ya Upande wa Kushoto

Pale bustanini walimwita Mama Pini. Ukimsikia mtu anamwita kwa jina lake la kuzaliwa, ujue huyo ni mgeni au ni karani wa hospitali. Mwenyewe jina hilo hakulichukia hata kidogo. Wengine wanaitwa kwa watoto wao, wengine kwa vilema vyao, yeye aliitwa kwa kazi ya mikono yake, na alitembea nalo kifua mbele.

Bustani yenyewe msije mkadhani ni ya kukaa na kupiga picha. Ni ya biashara. Wanauza miche ya matunda na ya miti ya kivuli, samadi, udongo mweusi wa kuoteshea, na kokoto za kumwaga njiani. Nyuma ya banda la miche kuna uwanja wa marundo, udongo huku, samadi kule, na katikati ya marundo hayo ndipo lilipolala trekta lao, dogo kweli, rangi ya chungwa iliyopauka, linalopita kati ya mistari ya miche bila kugusa jani. Trekta hilo lilikuwa na kijiko. Si cha kukorogea chai, jamani. Kijiko walikuwa wakiita ile mikono miwili ya chuma inayofungwa mbele ya trekta, yenye beleshi kubwa la kuzolea udongo na kuupakia kwenye malori.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana mtu asiyeelewa hapa hataelewa mbele. Kijiko kile hakikai kwenye trekta siku nzima. Asubuhi kinazoa udongo, mchana kinavuliwa ili trekta likafyeke nyasi. Kikivuliwa kinasimama chenyewe uwanjani kwa miguu yake miwili ya kusimamia. Kesho yake dereva analiingiza trekta polepole katikati ya mikono, anaunga mipira ya mafuta, anacheza na levya za kukipandisha na kukishusha mpaka matundu ya kijiko yatazamane na matundu ya trekta. Hapo kila upande inaingia pini, nene ya kujaa kiganja, na kwenye ncha ya pini inabanwa klipu isichomoke. Basi, hakuna uchawi. Lakini pini moja ikikosekana, ile mikono imekaa pale kwa kudra tu, na siku ikichoka kukaa inamwangukia aliye karibu.

Na kuna aliye karibu kila siku. Pini zikishaingia, dereva anapanda, ananyanyua kijiko juu kidogo, na yule wa upande wa kulia anainama kukunja ile miguu ya kusimamia. Mtu anaingiza kichwa na mabega yake chini ya chuma kwa sababu ameambiwa upande wa pili umefungwa. Huyo wa kulia alikuwa Mama Pini, na wa kushoto alikuwa Dereva, mume wake.

Walikutana palepale uwanjani. Yeye alikuwa msichana wa kujaza udongo kwenye mifuko ya miche, Dereva alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa, mrefu, mkimya, anaona haya hata kuomba maji ya kunywa. Trekta la wakati ule ukilizima asubuhi haliwaki tena mpaka mlisukume, kwa hiyo pini zilifungwa injini ikinguruma, desturi iliyobaki hata lilipokuja trekta hili, na sauti ya Dereva haikuweza kuvuka injini. Akamfundisha msichana kugonga. Ukishaingiza pini yako na kubana klipu, unagonga mkono wa kijiko mara mbili kwa nyundo: ko, ko. Maana yake, mimi nimefunga, wewe je? Mwenzako akishafunga naye anagonga: ko, ko. Hujajibiwa, hupandi, huinami, husogei.

Asubuhi ya kwanza msichana aligonga, akajibiwa. Kisha ikaja ko, ko nyingine, ya bure kabisa. Akachungulia chini ya boneti, akamwona Dereva upande wa pili amechutama, anacheka peke yake.

"Hiyo nyingine ya nini?" akapaza sauti.

"Salamu," Dereva akajibu, akainamisha uso kwenye grisi.

Ndiyo posa hiyo, mkitaka kujua. Mengine yalikuwa ni wazee kukaa na kukamilisha. Toka hapo Dereva hakumwita mkewe mpenzi wala mama fulani, alimwita Upande wa Pili. "Upande wa Pili, chai iko wapi?" "Upande wa Pili, umeniona kofia?" Na kule kugonga kukawafuata nyumbani. Dereva akikawia bafuni, mkewe anagonga mlango, naye anajibu kwa kopo la maji. Wakigombana, kila mtu analala amegeukia ukuta wake, mpaka mmoja anyooshe kidole agonge chuma cha kitanda, na mwingine, hata kama bado amenuna, lazima ajibu. Binti yao, ambaye sasa ameolewa mbali, alijua kugonga sahani kabla hajajua kusema baba.

Kusahau kulianza kama mzaha. Dereva alitia chumvi kwenye chai, wakacheka. Akamwita mdogo wake kwa jina la marehemu baba yao, wakacheka zaidi. Mdogo wake huyo naye alifanya kazi palepale bustanini, kazi ya kumwagilia miche, na wote walimwita Shemeji kwa kuwa Mama Pini alimwita hivyo. Mdomo wa Shemeji haukuwa na breki. "Kaka anazeeka vizuri," alisema. "Akisahau na ile simu yake niliyomvunjia, nitachinja kuku."

Kisha asubuhi moja Mama Pini alifunga pini yake, akagonga, akajibiwa. Kabla ya kuinama akakumbuka kitambaa chake cha kufutia mikono, akazunguka upande wa kushoto kukichukua. Akaikuta pini ya kushoto inaning'inia kwenye mnyororo wake. Tundu tupu, unaona nyasi upande wa pili. Dereva amesimama hapohapo, nyundo mkononi, uso mkunjufu wa mtu aliyemaliza kazi yake.

Mama Pini aliitia pini mwenyewe, akabana klipu, akarudi upande wake akainama kukunja miguu ya kijiko. Tangu siku ile hakukosa sababu ya kuzunguka. Leo anatafuta nyundo, kesho kuna siafu, keshokutwa ameona mpira unavuja. Siku nyingine alikuta pini imeingia sawasawa, akajilaumu kwa kumdhania vibaya mtu wa watu. Siku nyingine alikuta tundu tupu. Alijaribu pia kuiwahi, akaifunga ya kushoto kabla mumewe hajateremka. Dereva akaichomoa, akaifuta vumbi, akasimama nayo mkononi, na kilichofuata kikamtoka kichwani. Upande wa kushoto ulikuwa wake, hakuna wa kumfungia.

Kilichomchanganya akili mama wa watu ni kwamba mengine yote Dereva aliyajua. Mpandishe kwenye kiti cha trekta uone. Anarudi kinyumenyume kati ya mistari ya miche bila kugeuza shingo. Anajua kwa kusikiliza kwamba mafuta ya haidroliki, yale yanayonyanyua kijiko, yamepungua. Nyumbani alikuwa anatafuta mlango wa jikoni, bustanini alikuwa Dereva yuleyule. Lakini ile ko, ko ilikuwa imekaa mwilini mwake siku nyingi mno, ikawa haingoji pini tena. Ukimgongea, anakujibu, kama unavyomwambia mtu habari za asubuhi akakwambia nzuri hata kama hakulala.

Walikwenda kwa daktari. Daktari alisema maneno mengi ya upole ambayo mwisho wake ni kwamba ugonjwa huo hauna kurudi nyuma. Njiani Dereva alisema yule daktari bado ananuka maziwa ya mama yake, wakacheka mpaka mkewe akalia. Walipofika nyumbani, Dereva alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akavua kofia.

"Upande wa Pili," alisema, "nimemsikia yule kijana. Sijawa mjinga bado."

"Najua."

"Nakuomba kitu kimoja. Usikubali waniteremshe kwenye trekta. Nikiwa pale juu najijua. Nikiteremka, mimi nitakuwa nani?"

"Hakuna atakayekuteremsha."

"Niahidi."

"Nakuahidi, baba. Mimi nipo."

Aliahidi kwa moyo wake wote, na nani asingeahidi? Nyinyi mnaomtazama kwa jicho baya, subirini yawakute.

Siku ya balaa kulikuwa na lori la mteja getini, linapiga honi kama limebeba mgonjwa. Bosi wao, mwanamke aliyerithi bustani kwa baba yake na aliyewaheshimu wale wawili kama wazazi, alikuwa anapaza sauti kutoka bandani: "Mama, udongo! Mama, mteja ananikalia kooni!" Mama Pini akafunga pini yake, akagonga. Jibu likaja haraka, ko, ko, safi, imara, ya zamani kabisa. Siku nyingi hakuwa amesikia jibu zuri namna ile. Moyo wake ukatulia. Ukataka kuamini, basi. Hakuzunguka.

Dereva akapanda, akanyanyua. Mkewe akainama. Mkono wa kushoto ukachomoka mahali pake, kijiko kizima kikajipinda, kikaanguka kiubavu, na mguu wa kusimamia ukatua juu ya mguu wake.

Wa kwanza kumfikia alikuwa Dereva mwenyewe. Alishuka kwa kuruka, akamkumbatia pale vumbini, machozi yanamtiririka, anatazama huku na huku kama anayemtafuta adui.

"Nani amefanya hivi? Nani amekuumiza, mwenzangu? Niambie nani!"

Hebu nawe jiweke pale. Mfupa umevunjika, kiatu kimejaa damu, na aliyekuumiza amekushika kichwa anakuuliza nani.

"Ni mimi," Mama Pini alisema. Na bosi alipofika mbio, akarudia kwa sauti ili wote wasikie. "Ni mimi, bosi. Leo pini zote nilifunga mwenyewe, baba alikuwa anaunga mipira. Ya kushoto nikaisahau."

"Wewe, Mama? Wewe ukasahau pini?"

"Uzee, mwanangu."

Bosi alimtazama kwa macho ya mtu asiyeridhika, lakini nani atabishana na majeruhi? Wakampeleka hospitali, wakamfunga mguu. Fundi wa kuchomelea akaja kunyoosha mkono wa kijiko, akabadilisha na ile pini ya kushoto, maana kijiko kiliiangukia pale iliponing'inia, ikapinda. Kijiko kilipopona na Mama Pini akaweza kutembea kwa fimbo, bosi alimwita pembeni. Kwa heshima zote, tena kwa aibu, akamwambia apumzike na pini. Atakaa kwenye meza ya miche, kivulini, apande mbegu. Upande wa kulia ataushika Shemeji.

Uongo wa Mama Pini ulikuwa umefanya kazi kuliko alivyoutuma. Alikuwa amejiondoa yeye, mtu pekee aliyejua kwamba jibu la kushoto si la kuaminiwa, na mahali pake anawekwa mtu ambaye angeamini bila wasiwasi, kwa kuwa anayemjibu ni kaka yake.

Alijaribu kumwonya. "Shemeji, kabla hujainama, zunguka uangalie na upande wa pili. Kila siku. Usichoke."

"Heee! Shemeji yangu, wewe usahau pini halafu unifundishe mimi?" Shemeji akacheka, akamgusa bega. "Nikimkagua kaka yangu kama polisi ataniona mimi ni nani? Tulia upande mbegu zako."

Asubuhi ile ya kwanza Shemeji alitoka bandani na nyundo begani, anajitangaza kwa watu wa mifuko. "Leo hakuna Mama Pini! Niiteni Baba Pini, na anayetaka kazi alete barua!" Wakacheka. Dereva naye alicheka juu ya trekta, akaliingiza katikati ya mikono ya kijiko kwa mkupuo mmoja, hakuna kurudia. Aliunga mipira. Akashuka upande wa kushoto. Mama Pini aliketi kwenye stuli yake nyuma ya pipa la maji, na kutoka pale, bahati au laana sijui, upande aliouona wazi ulikuwa wa kushoto.

Alimwona mumewe anaichukua pini mpya, hii isiyo na mnyororo. Anaipangusa kwenye suruali. Anaigeuza mkononi. Shemeji upande wa pili akapiga nyundo kwa mbwembwe, ko, ko. Na Dereva, pini ikiwa bado mkononi, akachukua nyundo kwa mkono mwingine akajibu, ko, ko. Akageuka, akaweka mguu kwenye kidato ili apande.

Shemeji alikuwa ameshainama.

"Acheni!" Mama Pini alipiga kelele. "Shemeji, toka!" Injini ikaimeza sauti yake. Alijaribu kusimama, mguu ukamkatalia, fimbo ikaanguka. Mbele yake kulikuwa na lile pipa la bati na koleo dogo la kupandia miche. Alijua kitu kimoja tu kinachoweza kumsimamisha yule mtu duniani. Akashika koleo akaligonga pipa kwa nguvu zake zote, mara mbili.

Dereva akasimama. Akateremsha mguu. Akageuka akatafuta, akamwona mkewe kule kivulini, na uso wake ukafunguka ukawa uso wa yule kijana aliyechutama na grisi. Akainua mkono akamjibu. Alijibu kwa kile alichoshika: akaigonga pini kwenye bati la tairi, ko, ko, mbele ya macho ya watu wote.

Shemeji aliisikia kwa karibu, akainua kichwa. Akaiona pini mkononi mwa kaka yake. Akalitazama tundu. Alitoka chini ya chuma kwa makalio, polepole. Alizunguka akazima injini.

Bosi alikuwa amefika. "Kuna nini? Mbona mmesimama?"

"Hakuna kitu, bosi," Shemeji akawahi. "Kaka alikuwa anataka kuiweka. Ni mimi nilikuwa na haraka." Akamtazama Mama Pini kwa macho ya kumsihi: funika, shemeji, funika.

Angeweza kufunika. Alishafunika mara ngapi? Lakini alikiona kichwa cha Shemeji kilipokuwa, na alijua kesho kitakuwa palepale.

"Siku ile haikuwa mimi," alisema. "Upande wa kushoto ulikuwa wake. Nimekuwa nikimzungukia siku zote, bosi, nilikuficha. Anagonga lakini hafungi. Hajui kama hajafunga. Mteremshe."

Dereva alikuwa amesikia kila neno, maana masikio yake hayakuwa na ugonjwa. Aliitazama pini, akalitazama tundu, kisha akamtazama mkewe.

"Upande wa Pili," alisema. "Uliniahidi."

Alikuwa amesahau njia ya jikoni, amesahau mazishi ya baba yake, amesahau hata nani aliyeuvunja mguu wa mkewe. Kati ya yote ya kusahau, hili tu lilikuwa limebaki.

Shemeji alisema labda kaka aendelee kuendesha tu, pini afunge mtu mwingine. Bosi akafuta macho. Akasema leo ni pini, kesho ni breki, na humu wateja wanaingia na watoto wao. Akanyoosha mkono. Dereva alichomoa ufunguo mwenyewe, akaufuta grisi kwanza, ndipo akampa. Waliondoka kwa miguu, yeye mbele, mkewe nyuma na fimbo, na njia nzima hakugeuka kumngoja.

Mngedhani kwa ugonjwa ule angesahau, ikaisha. Na mimi ningedhani hivyo. Alisahau kweli. Asubuhi iliyofuata aliamka akavaa nguo za kazi, akaomba chai, akauliza kwa nini anacheleweshwa. Ikabidi mkewe amweleze upya. Akaumia upya, palepale, uso ukamwanguka kama siku ya kwanza. Na kesho yake tena. Yule mama alimteremsha mumewe kwenye trekta kila alfajiri, kwa mdomo wake, mpaka akajifunza kudanganya kwamba leo ni sikukuu.

Kisa kikamtoka Dereva kichwani, lakini hasira ilibaki. Hakujua tena inatoka wapi, alijua tu inamhusu nani. Akiletewa chakula anageuza uso. Akishikwa mkono anauchomoa. Binti yao alipopiga simu kumjulia hali, baba mtu alishusha sauti akanong'ona, na mkewe amesimama mlangoni na sahani anasikia: "Kuna mama humu ndani. Simjui ni nani. Lakini aliniudhi sana." Mama Pini aliweka sahani mezani taratibu, akaenda kukaa uani mpaka kilio kikamwisha.

Aligonga, jamani. Msifikiri hakugonga. Aligonga mlango wa bafu, kimya. Aligonga meza, kimya. Usiku alinyoosha kidole akagonga chuma cha kitanda, ko, ko, mimi nipo, wewe je? Mtu wa upande wa pili alikuwa macho, alimsikia anavyopumua, na hakujibu. Ndoa nzima hakuwahi kumnyima jibu, hata siku waliyogombana mpaka majirani wakaingilia. Akaacha kugonga, kwa kuwa kila kimya kilimpunguza kitu.

Shemeji ndiye aliyeleta ile pini ya zamani, iliyopinda. Aliikuta kwenye vyuma chakavu vya fundi. Alimpa kaka yake bila maneno mengi, akakaa naye dirishani, akamwambia shemeji yake alipokuwa anatoka, "Nilitaka ufunike, na mimi ndiye ningekufa. Nisamehe." Mama Pini akamwambia aende zake, asimlize tena. Toka siku hiyo Dereva alishinda na pini mkononi. Anaifuta kwa kitambaa, anaichungulia, anailaza mapajani. Ilimtuliza kuliko dawa.

Mchana mmoja Mama Pini alikuwa uani anaosha vyombo, mguu wake mbovu ameunyoosha kando. Mawazo hayakuwa pale. Alikung'uta kikombe cha bati kwenye ukingo wa beseni ili maji yatoke, akakikung'uta tena, bila nia yoyote.

Ndani ya chumba, pini ikagonga chuma cha kitanda. Ko, ko.

Mikono yake ikaganda kwenye povu. Alikuwa anaijua thamani ya jibu lile kuliko mtu yeyote aliye hai. Alijua kwamba linakuja hata kama tundu ni tupu, kwamba ni mkono tu unaojibu, kwamba mwenye mkono huenda hayupo, au yupo na bado hamjui. Mguu huu aliounyoosha kando ulikuwa ushahidi. Kwa akili zake zote alijua anapaswa kuinuka, azunguke, akaangalie.

Hakuinuka. Alishika kile kikombe akaligonga beseni, mara mbili, kwa makusudi sasa. Akajibiwa. Akagonga tena, machozi yanadondokea vyombo, akajibiwa. Akaendelea kugonga na kujibiwa mpaka povu likaisha na kivuli cha ukuta kikamfika miguuni, na hakwenda kuangalia kama ndani kuna mtu.